Mnara ni wa Nani? Televisheni ya Kazakhstan tangu 1958

Mtu akitaka kujua televisheni ya nchi fulani imeendelea kiasi gani, aghalabu huuliza ina vituo vingapi. Sisi tunaoshughulika na masafa ya mawimbi ya utangazaji huanzia kwingine: mnara ni wa nani, setilaiti ni ya nani, na funguo za chumba cha mitambo anazo nani. Vituo huzaliwa na kufa. Njia ya mawimbi hudumu, na aliyeishika ndiye anayeamua kijiji kipi kitaona nini na kwa lugha gani. Kazakhstan inalionyesha jambo hili wazi kuliko nchi nyingi, kwa sababu ya ukubwa wake na kwa sababu ya historia ya watu wake.

Tuanze na ukubwa. Nchi hiyo ina eneo la kilomita za mraba milioni 2.7, karibu mara tatu ya Tanzania, lakini watu wake ni milioni 20 hivi. Sehemu kubwa ni nyika tambarare. Milima imejikusanya kusini na mashariki. Mawimbi ya televisheni ya ardhini husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mnara wa mita 200 kwenye tambarare hufikisha picha nzuri kilomita 60 au zaidi kidogo. Baada ya hapo mviringo wa dunia huanza kuificha antena. Piga hesabu ya minara inayohitajika kuifikia kila familia ya wafugaji, kisha jiulize nani yuko tayari kuilipia. Jibu, tangu mwanzo hadi leo, limekuwa serikali.

Studio ya kwanza ya jamhuri ilianza kurusha matangazo tarehe 8 Machi 1958 mjini Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty na wakati huo ulikuwa makao makuu. Kazakhstan ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, na katika sensa ya 1959 Wakazakhi wenyewe walikuwa kama asilimia 30 tu ya wakazi wa jamhuri iliyobeba jina lao. Njaa ya miaka ya 1930 hadi 1933 iliua zaidi ya watu milioni moja. Wakorea walihamishiwa huko kwa nguvu mwaka 1937, wakafuata Wajerumani wa Volga, Wachecheni na wengine wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1954 wakaja walowezi, wengi wao Warusi na Waukraine, kulima ngano kwenye nyika ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Televisheni, basi, ilizaliwa katika mji uliozungumza Kirusi, ikasimamiwa na Chama cha Kikomunisti kilichofanya shughuli zake kwa Kirusi. Vipindi vya Kikazakhi vilikuwepo, na watu wenye vipaji walivitengeneza, ila muda bora wa jioni ulikuwa wa Moscow.

Moscow ilifikaje huko, maelfu ya kilomita? Kwa setilaiti, na hapa historia ina kejeli yake. Tarehe 23 Aprili 1965 setilaiti ya kwanza ya Molniya kufika kwenye njia yake ilirushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilicho ndani ya Kazakhstan. Haikukaa mahali pamoja angani kama setilaiti tunazoelekezea madishi yetu leo. Ilizunguka kwa njia ndefu iliyochongoka, ikimaliza mzunguko kwa saa 12, na kwa saa nyingi za mzunguko huo ilionekana juu sana ya upande wa kaskazini. Faida yake ni kwamba iliyafikia hata maeneo ya karibu na ncha ya dunia, ambako setilaiti iliyo juu ya ikweta huonekana chini mno, karibu na upeo. Hasara ni kwamba dishi la ardhini lilipaswa kuifuata inavyosogea. Mwaka 1967, kuelekea miaka 50 ya Mapinduzi ya Oktoba, Wasovieti walifungua mtandao wa Orbita: vituo vya kupokelea vyenye madishi ya mita 12 yaliyogeuka taratibu kuifuata Molniya. Kituo kikishapokea picha, kiliikabidhi kwa mnara wa mji, nao ukaisambaza majumbani. Mwaka uliofuata taarifa ya habari ya Vremya ilianza, na muda si mrefu nchi nzima ikawa inaketi kuangalia habari zilizoandikwa mahali pamoja. Roketi ilitikisa ardhi ya Kazakhstan. Sauti iliyorudi kutoka juu ilikuwa ya Moscow.

Mnara mashuhuri kuliko yote ulikuja baadaye. Juu ya kilima cha Kok-Tobe, pembeni ya Almaty, ulijengwa kati ya 1975 na 1983 mnara wa chuma wa mita zipatazo 370. Walichagua chuma kwa sababu: mji huo uliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1887 na kupigwa tena vibaya mwaka 1911. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha za mnara huu kama somo la kutumia jiografia vizuri. Kilima kinafanya nusu ya kazi, nao mnara unamalizia. Ungeujenga mnara huohuo bondeni, milima ingekula mawimbi yake.

Katika miaka ya 1980 televisheni ya jamhuri ilipata kipindi kilichothibitisha kwamba hadhira ya Kikazakhi ipo na ina njaa. Ni aitys, mashindano ya washairi wawili wanaotunga papo kwa papo, kila mmoja akipiga dombra yenye nyuzi mbili na kumjibu mwenzake kwa kejeli, hoja na sifa. Aliyewahi kusikia malenga wakirushiana mafumbo haraka ataelewa kwa nini kumbi zilijaa. Sanaa hiyo iliyokuwa ya vijijini ikageuka tukio la taifa, na kwa kuwa maneno yanatungwa palepale, mdhibiti hakuweza kuyasoma kabla. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi, kwa jina la Kazakhstan na Kyrgyzstan pamoja.

Upande wa pili ulionekana Desemba 1986. Moscow ilimwondoa Dinmukhamed Kunaev, kiongozi wa muda mrefu wa chama, ikamleta Gennady Kolbin, mtu asiyewahi kuishi wala kufanya kazi katika jamhuri hiyo. Vijana walijaa uwanja mkuu wa Alma-Ata na walitawanywa kwa nguvu. Vyombo vya habari vya Kisovieti viliwaeleza kama wahuni na walevi. Hapakuwa na mnara mwingine wa kusema vinginevyo.

Baada ya uhuru wa Desemba 1991 kila kitu kilifunguka kwa ghafla. Vituo binafsi vilichipuka Almaty na mikoani, vingine vikiwa na kamera mbili na kanda za filamu za kukodi. Kwa msaada wa fedha za Uingereza ilitengenezwa tamthilia ndefu, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1996, kuhusu familia mbili za Almaty zinazojaribu kuishi katika uchumi wa soko. Ilikuwa elimu kwa umma ndani ya vazi la mapenzi na ugomvi wa majirani, na iliwafundisha kazi vijana wengi waliokuja kuunda sekta ya filamu ya nchi hiyo.

Kisha serikali ikakumbuka kwamba masafa ni yake. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997 yaliuzwa kwa zabuni, kwa bei ambazo vituo vingi vidogo havikuzimudu, na baadhi vikanyamaza. Wakati huohuo Khabar, shirika la habari la televisheni lililoanzishwa 1995, lilikua chini ya uongozi wa Dariga Nazarbayeva, binti mkubwa wa Rais Nursultan Nazarbayev. Vituo vya kibiashara vilivyobaki navyo vikajikusanya taratibu mikononi mwa watu wa karibu na ikulu. Kituo cha TAN, kilichohusishwa na wafanyabiashara wa upinzani, kilisimamishwa mwaka 2002, na kebo yake ya kurushia matangazo ikaharibiwa na watu wasiojulikana. Kwa fundi, habari hiyo ina uzito wake. Hakuna haja ya kuvamia studio ikiwa unaijua kebo ilipo.

Suala la lugha lilikwenda kwa njia ya sheria. Sheria ya lugha ya mwaka 1997 iliamuru kwamba muda wa matangazo ya Kikazakhi usiwe pungufu ya jumla ya muda wa lugha nyingine zote. Kwenye karatasi ni nusu kwa nusu. Lakini mtangazaji wa kibiashara anajua pesa ya matangazo ya biashara inalala wapi: wakati huo ilikuwa kwenye filamu na tamthilia za Kirusi, jioni. Vituo vikatimiza nusu yao kwa kurundika vipindi vya Kikazakhi usiku wa manane, Wakazakhi wakiwa wamelala. Hesabu ilitimia, watazamaji hawakuwepo. Jibu la watunga sheria lilikuwa la kihasibu kweli: siku ikagawanywa vipande vya saa sita kuanzia saa sita usiku, na usawa wa lugha ukapimwa ndani ya kila kipande. Pamoja na hilo, muda wa kurusha vipindi vya vituo vya nje uliwekewa kikomo, ukashuka hadi asilimia 20 kuanzia 2003.

Kwa maoni yangu, kilichobadilisha mambo zaidi ya vipande hivyo vya saa sita ni kituo cha watoto. Balapan kilianza Septemba 2010, chote kwa Kikazakhi, na kwa mara ya kwanza mzazi wa mjini aliyekuwa na Kikazakhi cha kuombea maji aliona mwanawe akiimba nyimbo za katuni ambazo yeye mwenyewe hazielewi. Mwaka uliofuata filamu kubwa za katuni za Hollywood zilianza kuingiziwa sauti za Kikazakhi kwa ajili ya majumba ya sinema. Idadi ya watu nayo imegeuka: Wakazakhi sasa ni kama asilimia 70 ya raia, na mtangazaji wa biashara hahitaji tena kulazimishwa kuwatafuta.

Nchi ilitaka pia anga yake yenyewe. KazSat-1, iliyotengenezwa Urusi, ilirushwa Baikonur Juni 2006. Miaka miwili baadaye ilipoteza mawasiliano na wateja wake wakahamishiwa kwenye setilaiti za wengine. KazSat-2 ilifuata 2011 na KazSat-3 mwaka 2014, na hizi zilifanya kazi. Ni kwa setilaiti hizo ndipo Kazteleradio, kampuni ya serikali inayomiliki mitandao ya kurushia matangazo, inapeleka OTAU TV, huduma ya dishi iliyoanza 2011. Kwa kijiji kilicho kilomita mia kutoka barabara kuu, dishi dogo na kisimbuzi vilimaliza kazi ambayo minara haikuwahi kuimaliza.

Kuhusu dijitali ya ardhini, msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hadithi hii kwa sababu ni ileile. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 ulipanga upya masafa ya utangazaji kwa Afrika, Ulaya na nchi zilizokuwa za Kisovieti kwa pamoja, ukaweka 17 Juni 2015 kuwa siku ambayo analojia haitalindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mipakani. Tanzania ilianza kuzima mapema, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilizima 2015 baada ya mvutano mkali na vituo vyake. Kazakhstan ilifungua dijitali Julai 2012 lakini ilianza kuzima analojia mwishoni mwa 2018 tu, mkoa baada ya mkoa. Kwa kiasi fulani ucheleweshaji huo ulieleweka: kulikuwa na minara mingi midogo ya kubadilisha na watazamaji wachache kwa kila mnara. Dijitali iliokoa masafa, lakini pia iliweka vituo vyote kwenye mtambo mmoja wa msambazaji. Kituo cha zamani kilikuwa na mtambo wake. Cha sasa kina nafasi kwenye mtambo wa serikali.

Januari 2022 ilipima mfumo wote huu. Maandamano yaliyoanza katika mji wa Zhanaozen, magharibi mwa nchi, tarehe 2 kwa sababu ya bei ya gesi ya magari yalienea nchi nzima. Tarehe 5 intaneti ilikatwa, na Almaty ilikaa bila mawasiliano ya kawaida ya mtandao kwa siku tano hivi, intaneti ikirudi kwa saa chache tu. Siku hiyohiyo ofisi za vituo kadhaa vya televisheni mjini humo zilivamiwa. Zaidi ya watu 200 walikufa katika ghasia hizo. Waliokuwa wameacha kuangalia televisheni miaka mingi waliiwasha tena, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa inawaka, na walichokikuta ni maelezo ya serikali.

Intaneti iliporudi, watazamaji walirudi nayo YouTube, ambako waandishi wa kujitegemea wana hadhira kubwa kwa Kirusi na kwa Kikazakhi. Serikali imefuata nyuma: sheria ya majukwaa ya mtandaoni ya mwaka 2023 iliyataka makampuni makubwa yateue wawakilishi wa kushughulika nayo, na sheria mpya ya vyombo vya habari ya 2024 ilipunguza kiwango cha kurusha vituo vya nje kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2025 Starlink, huduma ya intaneti kwa setilaiti, iliruhusiwa kutoa huduma nchini, kwa sharti la kufuata kanuni za mawasiliano na usalama wa habari za Kazakhstan.