Ulinzi upo, usalama je?

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha ndugu wa wazee wanaoishi katika nyumba moja ya matunzo hapa Tanga. Mama mmoja aliuliza kwa upole, "Na usalama wa wazee wetu ukoje?" Kaka mmoja akamjibu papo hapo: "Usalama upo wa kutosha, mama. Ukuta tumeuinua, geti ni jipya, na askari yupo saa 24." Watu wakatikisa vichwa kukubali, kikao kikasonga kwenye ajenda ya michango. Jibu hilohilo nimeshalisikia mara kadhaa, katika nyumba tofauti, kutoka kwa watu wema wanaojitolea kwelikweli. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze tena.

Maana yenyewe haina mlolongo. Usalama katika nyumba ya wazee ni hali ya mkaazi kutopatwa na madhara yanayoweza kuzuilika, akiwa mikononi mwa wale wanaomtunza. Madhara hayo ni kuanguka, kupewa dawa isiyo yake, kuota vidonda vya kulalia, kupaliwa na chakula, kuambukizwa maradhi, kuungua, kupigwa au kutukanwa na watu wa humohumo ndani. Mwizi wa kuruka ukuta naye yumo, ila yuko chini kabisa. Ubora wa matunzo ni mpana zaidi, unaingia mpaka kwenye heshima, mazungumzo na chakula anachokipenda mtu, lakini hauwezi kuwepo pasipo usalama.

Kinachonikera ni jinsi neno hili linavyobanwa mpaka likawa jina jingine la ulinzi. Ni maneno mawili, yametoka pande mbili, na kila moja lina kazi yake.

Ulinzi ni wa kwetu, wa Kibantu, umetokana na kulinda. Mtu wa Muheza au Pangani aliyewahi kulima mpunga au mahindi analijua neno hili mwilini. Unajenga dungu, unapanda juu na kombeo lako, unakaa tangu alfajiri ukiwatazama ndege, kima na nguruwe. Anayelinda macho yake yako nje, kule hatari inakotoka. Shamba lenyewe amelipa mgongo. Mhindi ukishambuliwa na viwavi kwa ndani, aliye juu ya dungu hana habari, wala si kosa lake, maana hakuwekwa pale kwa ajili ya viwavi.

Salama tumeipata kwa Kiarabu, na asili yake ni uzima: kitu kuwa kamili, hakijavunjika, hakijapungua. Waliosoma nahau chuoni, yaani sarufi ya Kiarabu, watakumbuka mwalimu akifundisha jamu salimu, wingi ambao neno la asili linabaki zima na kuongezewa mwisho tu, tofauti na wingi wa kuvunjwa, kama vile kitabu kinavyogeuka kuwa kutubu na vokali zake za ndani kubadilika. Salimu hapo maana yake ni zima, isiyovunjwa. Hakuna geti wala askari katika maana hiyo. Ndiyo sababu ukiulizwa habari za asubuhi unajibu salama. Hukuulizwa kama wezi walikuja. Umeulizwa kama umeamka mzima, na watoto wazima, na umejibu hivyo.

Hata jina la Dar es Salaam watu hupenda kulifasiri "bandari ya salama", pengine kwa sababu bandari inaonekana kwa macho. Lakini dar kwa Kiarabu ni nyumba, makazi. Ni nyumba ya salama. Mji wote ukapewa jina ambalo lingefaa mno kubandikwa mlangoni pa nyumba ya wazee.

Naujua mchanganyiko huu ulikotoka. Tunasikia kila siku "vyombo vya ulinzi na usalama", na kila wilaya ina Kamati ya Ulinzi na Usalama, kwa hiyo masikio yameyazoea kama pacha. Lakini tazama hiyo "na" iliyokaa katikati. Yangekuwa kitu kimoja, nani angehangaika kuyaunganisha? Tena tunaposema usalama barabarani, hatuzungumzii vibaka wa stendi. Tunazungumzia breki, mwendo, mikanda, dereva aliyelala vizuri, ili abiria wa basi la Tanga ashuke Dar na viungo vyake vyote. Na usalama wa chakula hauna maana ya kuweka mlinzi jikoni. Katika hayo yote tunaelewana vizuri tu. Tukifika kwenye wazee ndipo neno linapotuponyoka na kukimbilia getini.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, basi niruhusuni niseme nilichokiona katika nyumba hiyohiyo, kabla ya kile kikao. Nilikwenda na dada yangu kumtazama bibi mmoja, jirani yetu wa zamani Ngamiani. Ilikuwa baada ya Alasiri, jua lingalipo. Kitanda chake kimetandikwa vizuri, chandarua kimefungwa juu, na kando yake stuli yenye kikombe cha bati kilichogeuzwa kifudifudi.

"Shikamoo bibi. Mbona kikombe umekilaza, na joto lote hili?"

"Marahaba mwanangu. Nishakunywa ya leo. Nikinywa saa hizi, usiku choo kitaniita, na kule siendi."

Nikaenda kukitazama hicho choo. Kutoka kitandani kwake ni hatua 34, za kwangu mimi ninayetembea bila mkongojo. Taa ya ukumbini imeungua. Mlangoni pa choo vigae vina maji, na hapana hata chuma kimoja ukutani cha kushikia. Chini ya kitanda ndara zake zimelika nyayo, laini kama sabuni. Usiku dada wa zamu ni mmoja kwa jengo zima, na chumba chake kiko upande wa pili.

Kikombe kile kilichofunikwa kilinieleza zaidi ya ripoti yoyote. Mwili ukizeeka kiu hupungua, mtu hahisi kukaukiwa hata akiwa amekaukiwa kweli. Ukiongeza na kujinyima maji kwa hofu ya giza, mkojo unakuwa mzito, maambukizi ya njia ya mkojo yanapata pa kuanzia, akili inachanganyikiwa, na akisimama ghafla kichwa kinazunguka. Ataanguka hapohapo kando ya kitanda, pale alipodhani amejiepusha na kuanguka. Nyonga ikivunjika katika umri ule, wengi hawarudi tena kwenye miguu yao. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kwa mwaka duniani, na walio wengi ni wa zaidi ya miaka 60, umri ambao Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee.

Yule bibi alikuwa amelindwa. Hakuna mtu angeweza kuingia kumdhuru. Lakini salama hakuwa nayo, na yeye alilijua hilo kuliko sisi wote, ndiyo maana akakilaza kikombe.

Kuna wakati ulinzi unakuwa adui wa usalama moja kwa moja. Nondo za madirishani na kufuli la usiku zinamzuia mwizi, na siku ya moto zinamzuia mzee. Kabla ya kusifia kufuli, uliza ufunguo unalala kwa nani, na huyo mtu anaamka haraka kiasi gani. Vilevile kumfunga mzee kwenye kiti kwa kanga "asije akaanguka" kunaitwa usalama na wanaofanya hivyo. Mzee asiyeinuliwa wala kugeuzwa, ngozi ya matako na visigino inaanza kuiva kwa kugandamizwa, na wauguzi tulifundishwa kumgeuza aliyelala kila baada ya saa 2 kwa sababu hiyo.

Wenzetu wa England wana chombo cha serikali kilichoanza kazi 2009, kinachokagua nyumba za matunzo kwa maswali matano. La kwanza ni kama watu wako salama. Mkaguzi akiuliza hivyo hufungua kabati la dawa na kulinganisha na karatasi, hutazama idadi ya wahudumu wa zamu na jinsi watu wanavyokingwa na maambukizi, na huuliza mtu alipoanguka mara ya mwisho kilibadilishwa nini baada ya hapo. Hilo la mwisho nalipenda sana. Kwetu mtu hujivuna kwamba daftari la matukio ni tupu. Penye wazee 30 na daftari tupu la mwaka mzima, mimi napata wasiwasi, kwa sababu wazee huanguka. Kinachokosekana hapo ni mwandishi.

Taa ya mwanga hafifu ukumbini, chuma cha kushikia, ndara mpya, ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na dada wa zamu anayepita kuuliza nani anataka kwenda haja: vyote kwa pamoja haviifikii bei ya lile geti. Geti sikulikataa, na askari wetu ni kijana mstaarabu, anawaamkia wazee wote kwa majina.

Kwa hiyo, kaka yangu uliyejibu siku ile, jibu lako lilikuwa sahihi ila kwa neno moja. Ungesema, "Ulinzi upo, mama," ungekuwa umesema kweli tupu. La usalama ulipaswa kuliacha wazi kidogo, mpaka tumuulize bibi kama siku hizi anakunywa maji baada ya Magharibi.