Mchezo wa Kompyuta wa Bure na Mchezo Huria: Tofauti Iko Wapi?

Mchezo wa bure ni ule ambao mtu huupakua na kuucheza bila kulipa chochote. Mchezo huria ni ule ambao msimbo wake chanzo, yaani maagizo ya programu kama yalivyoandikwa na mtengenezaji, umetolewa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza upya, hata kwa kuuza. Dhana hizi huchanganywa mara kwa mara, hasa na wanaoanza kutengeneza michezo kwa mapenzi yao tu, nje ya kampuni yoyote. Kinachozitenganisha si bei bali ni ruhusa.

Mfano wa mchezo wa bure usio huria ni Cave Story. Mjapani Daisuke Amaya aliutengeneza kwa takriban miaka mitano, akiandika programu, akichora na kutunga muziki peke yake, kisha mwaka 2004 akautoa bila malipo. Kila mtu aliweza kuucheza, lakini msimbo ulibaki mikononi mwake, na hiyo ilikuwa haki yake kamili. Upande wa pili uko The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003 chini ya GPL, mojawapo ya leseni huria, na ambao umeendelea kukuzwa na wachangiaji wengi. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote: muundaji wa kwanza akichoka au akipata shughuli nyingine, mchezo haufi, kwa kuwa wengine wana ruhusa ya kuuendeleza.

Hata hivyo, mchezo mmoja una sehemu nyingi, na kila sehemu inaweza kuwa na ruhusa yake. Mchezo wa Doom unalionyesha jambo hili vizuri. Kampuni ya id Software ilitoa msimbo wake mwaka 1997 kwa masharti yaliyozuia biashara, na mwaka 1999 ikauweka chini ya GPL, hapo ndipo ukawa huria kweli. Lakini picha, sauti na ramani, ambazo hukaa katika faili la pekee la aina ya WAD, zilibaki mali ya kampuni. Anayeiunda injini, yaani programu inayouendesha mchezo, kutokana na msimbo huo pekee hapati cha kucheza: hakuna ukuta, hakuna adui, hakuna mlio wa silaha, mpaka apate faili hilo. Ndiyo sababu watu wa kujitolea walianzisha mradi wa Freedoom, wakatengeneza upya picha, sauti na ramani ili mchezo mzima uweze kusambazwa kwa uhuru.

Kwa mtengenezaji mdogo, suala hili huanza pale anapoweka msimbo wake hadharani bila leseni yoyote, akiamini kuwa ameugawa. Kisheria hajaugawa. Katika nchi zinazofuata Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo hupatikana papo hapo kazi inapoundwa, bila kusajiliwa, kwa hiyo msomaji anaweza kuuona msimbo huo lakini hana ruhusa ya kuutumia katika mchezo wake. Leseni ya MIT, inayotumiwa na injini ya Godot, ni fupi na humtaka mtumiaji ahifadhi tu tamko la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni yenyewe. GPL inadai zaidi: anayesambaza toleo alilolibadilisha lazima alitoe kwa masharti yale yale, pamoja na msimbo wake.

Picha na muziki kwa kawaida hupewa leseni za Creative Commons, na hapa uangalifu unahitajika. CC BY inataka mwenye kazi atajwe, na CC0 haidai chochote, ilhali leseni yenye alama ya NC inakataza matumizi ya kibiashara, hivyo wimbo mmoja wa aina hiyo unatosha kuuzuia mchezo mzima usiitwe huria. Ni vyema kuandika chanzo na leseni ya kila picha na kila sauti siku ile ile inapoingizwa kwenye mradi, kwa sababu baadaye ni vigumu sana kukumbuka ilitoka wapi.