Usinipigie simu nikate kichwa cha mwembe

Wenye nyumba za mteremkoni hapa Morogoro, kuanzia Bigwa hadi Kilakala, wengi wananiita kwa ombi moja: "Fundi, huu mwembe upunguze kichwa tu, nusu hivi, masika yasije yakatuangushia." Kichwa ndicho kitu nisichokikata. Mti mkubwa uliokatwa kichwa mlimani unakuwa hatari zaidi baada ya miaka michache kuliko ulivyokuwa siku nilipoitwa. Mafundi wa panga hawaelezi sababu na wenye nyumba hawaulizi, basi nieleze mimi.

Ukifyeka kichwa, mti umepoteza majani yanayoulisha. Unajibu kwa pupa: maotea kwa makumi yanachomoza kuzunguka kidonda na kurefuka haraka, na mwenye nyumba anafurahi kuona "umechipua". Lakini otea la namna hiyo limejishika juujuu, chini ya gome tu. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina tangu lilipokuwa kijiti, na nyuzi za mbao zao zimesukana mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo mbao iliyoachwa wazi pale juu imeanza kuoza kushukia ndani. Baada ya misimu kadhaa una fito nene na ndefu, zimeshikilia kwenye mbao inayooza, na chini yake ni bati lako. Uzito uliotaka kuupunguza umerudi, ila sasa hauna pa kujishikiza.

Kwenye kiwanja tambarare, tawi likianguka hulala palepale. Mteremkoni ndiyo kwanza linaanza safari. Gogo bichi la mwembe lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 2 lina zaidi ya kilo 100, na likishaanza kubingirika hakuna mtu wa kulizuia. Tena mti wenyewe mara nyingi umesimama juu kuliko paa la jirani wa chini, kwa hiyo kilichokatika kinashuka kimo cha mti na kimo cha mlima kwa pamoja.

Kabla ya kutazama matawi natazama ardhi. Mizizi mingi ya mti iko kwenye tabaka la juu la udongo, nusu mita hivi hadi mita moja, na imetambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Mlimani mizizi imegawana kazi: ya upande wa juu inavuta, imekazwa kama kamba za hema, na ya upande wa chini inabeba uzito unaosukuma kuelekea bondeni. Ukikata ya juu, mti umebaki na egemeo bila kamba.

Na hicho ndicho kinachofanywa na kijiko, ile mashine ya kuchimba udongo, kila siku kwenye viwanja vyetu. Mtu ananunua kiwanja cha mlimani kwa sababu ya mandhari na miti, kisha anachonga ngazi ili apate pa kuweka nyumba. Kijiko kinakata ukuta wa udongo mita moja tu kutoka kwenye shina, kinachana mizizi, na udongo uliotoka unamwagwa upande wa chini, ukifukia vitako vya miti mingine. Mti uliochanwa mizizi hauanguki wiki hiyo. Unabaki wa kijani mwaka mmoja, miwili, mitatu, halafu siku udongo umelowa unalala na mzizi wake wote. Watu wanasema ni upepo. Uliofukiwa nao unadhoofika kimyakimya, kwa sababu mizizi inakosa hewa na gome lililozikwa linaoza. Kiwango cha Uingereza cha miti na ujenzi, BS 5837, kinataka eneo lisiguswe kuzunguka mti lenye nusu kipenyo cha mara 12 ya upana wa shina. Shina la sentimita 60 linahitaji mita 7.2 kila upande. Najua viwanja vyetu ni vidogo. Hata hivyo kati ya mita 7 na mita 1 kuna nafasi kubwa ya kuzungumza na mwenye kijiko kabla hajawasha mashine.

Mwingine anasema: basi ng'oa, tumalize. Hapo nasita zaidi. Mizizi hai ndiyo inayofunga udongo wa mteremko, na majani yanapunguza nguvu ya matone ya mvua. Mti ukikatwa, mizizi haiachii siku ileile. Inaoza polepole kwa miaka, na nguvu yake inapungua wakati hakuna tena anayeukumbuka mti. Udongo unateleza, ukuta wa mawe unapasuka, lawama anabeba fundi wa ukuta. Kama mti ni lazima uondoke, kwa sababu umeoza au umeanza kung'oka, nakata shina na kuacha kisiki na mizizi ardhini, na napanda mwingine pembeni yake mapema, kabla wa kwanza haujaisha nguvu.

Kuinama kwenyewe si ugonjwa. Mti ulioota umeinama kuelekea bondeni kisha shina likajipinda kurudi juu umejirekebisha miaka mingi, na umejenga mbao ya kuuhimili. Ninaouogopa ni ule ulionyooka mwaka jana na mwaka huu umelala kidogo, wenye ufa wa udongo upande wa juu wa shina, au uyoga mgumu kama kibao unaoota kwenye kitako. Huo sipandi, hata ukiniongezea bei.

Sasa kupogoa kwenyewe. Mti haufungi kidonda kama ngozi ya mtu. Mmarekani Alex Shigo, aliyefanya kazi kwenye idara ya misitu ya serikali ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo kutazama ndani, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1977: mti hauponyi mbao iliyoharibika, unaizungushia kuta na kuotesha mbao mpya kwa nje. Kuta hizo zina nguvu pale tawi linapoanzia. Angalia tawi la mwembe kwa karibu: pale linapotoka kwenye shina kuna uvimbe, gome lina mikunjo, na upande wa juu kuna mstari mweusi wenye mikwaruzo. Uvimbe ule ni shingo ya tawi na ni mali ya shina. Ukikata kwa kulisugua shina, umeiondoa, na uozo una njia ya kuingia. Ukiacha kigutu kirefu, kigutu kinakufa na kuoza hadi ndani. Pa kukata ni nje kidogo ya shingo, na kidonda kinabaki duara dogo.

Tawi zito halikatwi mkato mmoja. Naanza sentimita 30 au 40 kutoka kwenye shina, nakata kutokea chini hadi robo ya unene hivi. Kisha napanda kidogo mbele ya mkato ule na kukata kutokea juu. Tawi linaondoka, na gome halichanwi kushuka kwenye shina, maana mkato wa chini umelizuia. Kinabaki kigutu chepesi ambacho nakimalizia kwenye shingo, nikikishika kwa mkono. Anayeruka hatua hizi huacha utepe wa gome umechanika hadi mita nzima chini, na mti unatumia miaka kulipia. Rangi, lami au oili chafu juu ya kidonda sipaki. Haizuii kuoza, na wakati mwingine inahifadhi unyevu.

Kama mti ni mrefu kweli na lazima ushuke, nafupisha tawi hadi kwenye tawi dogo la pembeni lenye unene wa angalau theluthi ya lile ninalolikata, ili lichukue kazi ya ncha. Nikitazama kutoka bondeni baada ya kazi, mti unapaswa kuonekana mti, ila mdogo zaidi. Robo ya majani kwa mwaka ndiyo mwisho kabisa, na kwa mti mzee naondoa pungufu ya hapo. Wateja wengi wanadhani sikufanya kazi. "Mbona bado upo vilevile?" Hiyo kwangu ni sifa.

Wanaopenda mandhari ya mji wananiomba nisafishe matawi yote ya chini upande wa bondeni. Nafungua pengo moja au mawili palipo na meza ya kukalia, basi. Matawi ya chini na ya ndani yanatuliza mti upepo unapopiga. Ukiyaondoa yote na kuacha mashada nchani, nguvu yote inakwenda juu na matawi yanakatika katikati.

Kila mti una tabia yake. Mgrevilea wa Lushoto unavumilia kupogolewa sana, wakulima wa huko wanajua. Msonobari na msaiprasi ukikata hadi kwenye mbao kuukuu isiyo na majani, hapo hapachipui tena. Mwembe unachipua vizuri, ila utomvu wake unawasha ngozi, na majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani, wanaweza kumfanya mtu aliye juu ya kamba asahau anachoshika. Nyuki nawatafuta kwanza kwenye kila tundu la shina. Mwembe napenda kuupogoa mavuno yakiisha, kwenye kiangazi kifupi cha Januari na Februari, ili masika yakute vidonda vimeanza kujifunga. Tawi lililokufa halina msimu.

Mlimani ngazi siitumii, mguu mmoja wa ngazi daima uko hewani. Ninapanda kwa kamba na mkanda, na vyuma vya kuchoma gome vinavyovaliwa miguuni siruhusu kwenye mti unaobaki hai. Matawi mazito yanashushwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye shina, mtu wa kamba akisimama upande wa juu. Upande wa chini hasimami mtu, hata mtoto wa jirani anayetaka kuangalia. Penye nyaya sigusi: TANESCO wanazima kwanza. Mvule au mkangazi, hata ukiwa ndani ya uzio wako, ulizia ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kuukata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaigusa baadhi ya miti hata ikiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi.

Matawi yaliyokatwa hayatupwi korongoni. Mvua ya kwanza itayapeleka kwenye kalavati na maji yataingia kwa mtu. Yalaze kukatiza mteremko, magogo nyuma ya vigingi imara, majani juu yake. Yatashika udongo mpaka yaoze.

Limebaki suala la malipo. Fundi anayekubali bei ya chini kwa sharti kwamba kuni ni zake anajua anachofanya: kila tawi nene analoliangusha ni gunia la mkaa. Usimpe mtu sababu ya kukata zaidi. Lipia kazi, kuni zibaki zako, na kabla hajapanda zunguka naye mti mzima akuonyeshe kwa kidole kila tawi litakaloondoka na pale atakapolikatia. Akisema "tutaona huko juu", mwambie ashuke.