Kushuku mantiki: yasemwayo na yalivyo

Dhana potofu: Mshakiaji, yaani mwanafalsafa wa kushuku, anadai hakuna ukweli, kwa hiyo anajipinga.

Ukweli: Sextus Empiricus, mwanafalsafa mshakiaji wa kale aliyeandika kwa Kigiriki, aliwagawa watafutaji makundi matatu: wanaosema wameupata ukweli, wanaosema haupatikani, na wanaoendelea kuutafuta. Mshakiaji ni huyu wa mwisho. Yeye hatoi dai, anasitisha hukumu. Ukimwambia anajipinga, umemjibu mtu mwingine.

Dhana potofu: Mantiki hujithibitisha yenyewe.

Ukweli: Hapa patazamwe kwa karibu. Chukua madai mawili: (1) mvua ikinyesha, ardhi hulowa, (2) mvua inanyesha. Hitimisho: ardhi inalowa. Mtu anayakubali yote mawili, ila hitimisho analikataa. Unamwambia, "Ukikubali la 1 na la 2, huna budi kulikubali hitimisho." Anajibu, "Sawa, liandike hilo liwe dai la 3." Ukiliandika tu, umenaswa: utahitaji dai la 4 la kumvusha kutoka matatu hayo hadi kwenye hitimisho, kisha la 5, bila kikomo. Lewis Carroll, mwandishi na mwanamantiki Mwingereza, alilionyesha hili mwaka 1895. Kosa ni kuigeuza kanuni, yaani njia ya kutoka kwenye madai hadi hitimisho, kuwa dai. Dai huaminiwa, kanuni hufuatwa. Ukirundika madai mangapi, hayatafanya kazi ya kanuni moja.

Basi tuitetee kanuni kwa kuitumia yenyewe? Hata kanuni mbovu hujitetea hivyohivyo. Chukua ile isemayo: "Ikiwa A basi B, B ni kweli, basi A ni kweli." (Ni mbovu kwa sababu ardhi inaweza kulowa bila mvua.) Mtetezi wake atasema: "Kanuni hii ikiwa sahihi, itatupa mahitimisho ya kweli. Imeshatupa mahitimisho ya kweli. Basi ni sahihi." Duara hili la kujitetea kwa kujitumia, kwa hiyo, halitenganishi kanuni nzuri na mbovu. Hilo ndilo fundo la mshakiaji, na ni zito kweli. Ila kukosa utetezi usio wa duara si sawa na kuwa batili.

Dhana potofu: Mwanamantiki Kurt Gödel alithibitisha kuwa hisabati haiaminiki.

Ukweli: Matokeo yake ya 1931 yanahusu mifumo rasmi isiyojipinga, yenye hesabu ya kutosha na misingi (kauli za kuanzia) inayoweza kuorodheshwa kwa utaratibu: kila mfumo wa namna hiyo una kauli usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha, yaani haujakamilika. Hesabu ya kujumlisha pekee, bila kuzidisha, haiguswi; mwanahisabati Presburger alionyesha mwaka 1929 kuwa imekamilika.

Dhana potofu: Ukishuku kila kitu huwezi kuishi.

Ukweli: Sextus alijibu kwamba mshakiaji hufuata mambo yanavyomtokea: njaa humpeleka kwenye chakula, desturi humwongoza, naye hujifunza ufundi. Sextus mwenyewe alikuwa tabibu.