Tiba ya mionzi na tishu zisizo na saratani: madhara hutokea wapi, na lini

Anayepigwa mionzi kwenye titi hapotezi nywele za kichwani, na anayepigwa kwenye nyonga haoti vidonda mdomoni. Ukiacha uchovu, ambao huwafika wengi bila kujali sehemu iliyotibiwa, madhara hutokea pale miale ilipopita. Ndiyo maana nikielezwa dalili, huuliza kwanza: miale ilipita wapi, na umepita muda gani?

Mionzi huharibu DNA (chembe za urithi) ya seli za saratani na ya seli nzima, yaani zisizo na saratani, zilizo njiani. Seli nzima hujirekebisha vizuri zaidi zikipewa nafasi, kwa hiyo dozi hugawanywa. Mpango wa kawaida ni Gy (gray, kipimo cha dozi ya mionzi) 1.8 hadi 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, mpaka jumla ya Gy 50 hadi 70 kwa saratani nyingi. Ikilazimu kutoa vipindi viwili kwa siku moja, huachwa angalau saa 6 katikati.

Madhara ya mapema huzipata tishu zinazozalisha seli mpya haraka: ngozi, utando wa mdomo na koo, utumbo, uboho. Huanza wiki ya pili au ya tatu. Ngozi huwa nyekundu au huzidi kuwa nyeusi, hukauka na kubambuka, na kwenye mikunjo kama kwapa au chini ya titi inaweza kuchubuka na kutoa majimaji. Wengi hushangaa kuona hali ikizidi baada ya kipindi cha mwisho. Ni kawaida: kilele huja wiki moja hadi mbili baada ya tiba kuisha, kisha tishu hupona kwa wiki kadhaa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na usibandike plasta.

Mdomo unahitaji kazi zaidi. Changanya kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji, sukutua kila baada ya saa 2 hadi 4, kisha tema. Dawa ya maumivu inywewe kabla ya chakula, si baada ya mgonjwa kushindwa kumeza. Hapa nasisitiza: sema mapema, usikatishe tiba kimyakimya. Katika saratani za kichwa na shingo na za mlango wa kizazi, seli zilizobaki huongeza kasi ya kuzaliana tiba ikirefuka. Kwa mlango wa kizazi, mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja inapaswa kumalizika ndani ya wiki 8.

Madhara ya baadaye ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huja miezi au miaka baada ya mgonjwa kujiona amepona. Mishipa midogo ya damu husinyaa na tishu laini hugeuka kovu. Taya lililopata dozi kubwa hukosa damu ya kutosha kuponya shimo la jino lililong'olewa, na mfupa unaweza kufa. Kwa hiyo meno mabovu hung'olewa kabla ya tiba, kukiwa na wiki mbili au tatu za kupona. Puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na kibofu vilivyopitiwa na miale vinaweza kuvuja damu. Chanzo lazima kichunguzwe, lakini kukata kipande kidogo cha nyama cha kupimwa kwenye ukuta wa puru uliopigwa mionzi kunaweza kuacha kidonda kisichofunga, hata tundu.

Mapafu yana kalenda yake: mwezi 1 hadi 6 baada ya tiba. Kikohozi kikavu, pumzi fupi na homa ndogo hudhaniwa kuwa maambukizi, mgonjwa akapewa antibiotiki tupu, ilhali kama ni kuvimba kwa mapafu kulikotokana na mionzi anahitaji steroidi (dawa za kutuliza kuvimba huko), ambazo hupunguzwa polepole.

Viungo havivumilii mionzi kwa namna moja. Uti wa mgongo (neva zinazopita ndani ya mifupa ya mgongo) ni kama mnyororo, pete moja ikikatika yote imekwisha, kwa hiyo hakuna sehemu yake inayoruhusiwa kuzidi takriban Gy 45 hadi 50. Mapafu na tezi za mate hupimwa kwa wastani wa dozi na ukubwa wa eneo lililopigwa, kwani sehemu iliyosalimika huendelea na kazi. Ovari na korodani huumia kwa dozi ndogo sana, hivyo suala la uzazi lizungumzwe kabla ya kipindi cha kwanza.

Ukimaliza, omba maandishi yenye jumla ya dozi, idadi ya vipindi, tarehe na sehemu iliyotibiwa. Daktari wa meno ayaone kabla ya kung'oa jino, hata ikiwa imepita miaka 10.