Kushusha kolesteroli kwa chakula: maana yake hasa ni nini?

"Mimi nimeambiwa nina mafuta." Dar es Salaam siku hizi kauli hii ni ya kawaida kabisa. Msemaji amepima damu, majibu yakaonyesha kolesteroli iko juu. Kinachofuata nacho kinajulikana: ameacha mayai, na anatafuta kitu cha kusafisha mishipa. Atakipata tu, maana wauzaji wa chupa za limau, tangawizi na kitunguu saumu hawakosekani mjini.

Mayai siyo mkosaji mkuu, na mishipa haioshwi. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tujue kolesteroli inafanya nini mwilini.

Ni aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji kila siku. Inajenga kuta za seli, na ndiyo malighafi ya homoni za uzazi, vitamini D na nyongo. Sehemu kubwa haitoki kwenye sahani. Mwili unaitengeneza wenyewe, hasa ini. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vyenye protini. Vifurushi vya aina iitwayo LDL vikiwa vingi, baadhi hupenya ukuta wa mshipa na kubaki humo. Baada ya miaka mingi panakuwa na uvimbe wenye mafuta. Ukipasuka, damu inaganda hapo hapo na sehemu ya moyo au ubongo inakosa damu. Vifurushi vya aina nyingine, HDL, huikusanya kolesteroli na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo sababu LDL huitwa mbaya na HDL nzuri. Katika miaka yote kabla ya kupasuka, kwa kawaida hakuna dalili. Kisogo kuuma au mwili kuwa mzito hakukuambii lolote kuhusu kolesteroli yako. Kipimo ndicho kinachosema.

Sasa, kushusha. Kwenye uso wa seli za ini kuna vipokezi vinavyonasa LDL inayopita kwenye damu na kuivuta ndani. Waliovigundua ni Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel. Vipokezi vikiwa vingi na vikifanya kazi, LDL kwenye damu inapungua. Vikipungua, LDL inabaki inazunguka. Kwa hiyo kushusha kolesteroli kwa chakula, kwa sehemu kubwa, ni kulifanya ini livute LDL zaidi kutoka kwenye damu. Kinywaji ukinywa kinaishia tumboni, hakipiti mishipani kusugua kitu. Kitunguu saumu kina msaada mdogo, basi kiwekwe kwenye mchuzi.

Chakula kinaligusa ini kwa njia kuu mbili, na ya kwanza ni aina ya mafuta. Mafuta mazito, yaani yale yanayoganda yakiachwa, hupunguza kazi ya vile vipokezi. Ndiyo yaliyojaa kwenye samli, siagi, nyama yenye mafuta na ngozi ya kuku. Lakini kipimo cha kuangalia kama yanaganda kinatudanganya sisi wa Pwani. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kama nyuzijoto 24, na kwa joto la mji huu yanakaa majimaji sehemu kubwa ya mwaka, wakati zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta mazito. Kwenye mawese ni karibu nusu, hata yale yaliyochujwa yakawa meupe na kuuzwa kwa kupimiwa dukani hayajapungua sana. Alizeti ya Singida ina kama moja ya kumi tu. Hapo ndipo kwa maoni yangu vita vyote vilipo: kwenye dumu la mafuta jikoni. Familia inayohama kutoka mawese kwenda alizeti, na ikapunguza kipimo kidogo, imefanya jambo kubwa kuliko ile iliyoacha mayai ikaendelea kukaanga maandazi kama zamani.

Mayai yenyewe: kiini kimoja kina kolesteroli ya karibu miligramu 190, ni nyingi, lakini kwa watu wengi ini likiona inaingia kutoka nje linapunguza inayotengeneza. Marekani iliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku kwenye mwongozo wake wa lishe wa 2015, ingawa mwongozo huo uliendelea kushauri kutozidisha. Mwenye kisukari, au ambaye LDL yake iko juu sana, ana sababu ya kupunguza viini. Ila kwenye chipsi mayai, cha kutazama kwanza ni mafuta yaliyo kwenye karai, ndipo yai lifuate.

Njia ya pili ni nyuzinyuzi, hasa zile zinazotoa ute. Ule uteute wa bamia na mlenda ndio huo, ingawa kwa wingi na urahisi kunde, choroko, dengu na maharage vinatangulia. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo, nyongo inamwagika utumbo ukimeng'enya mafuta, kisha nyingi hunyonywa tena na kurudi. Nyuzinyuzi zikiwemo, sehemu ya nyongo inanaswa na kutoka na choo. Ini linalazimika kutengeneza nyingine, na malighafi inachotwa kwenye damu. Tafiti zilizounganishwa zimeonyesha kwamba kula vyakula vya jamii ya kunde, maharage na dengu vikiwemo, kama gramu 130 vilivyopikwa kila siku, hushusha LDL kwa asilimia 5 hivi. Ni bakuli dogo la kawaida, na bei yake siyo ya supamaketi.

Shida ni kwamba maharage yetu matamu ni ya nazi. Chungu kimoja kina kinachoshusha na kinachopandisha. Sisemi nazi iachwe, nani atanisikiliza? Ila anayekuna nazi mwenyewe anajua kuna tui la kwanza, zito, na tui jepesi linalokamuliwa baada ya kuongeza maji kwenye chicha. Mafuta mengi yako kwenye lile la kwanza. Maharage yakipikwa kwa tui jepesi, na tui zito likasubiri siku ya wageni, ladha ipo na mafuta yamepungua sana. Vivyo hivyo supu ya kongoro: iache ipoe, tandu nyeupe itaganda juu, itoe kwa kijiko, kisha pasha upya. Ukiiona ile tandu kwenye sufuria ya nyumbani, bakuli la asubuhi la mgahawani utalitazama kwa jicho jingine.

Kuna kitu kingine watu hawakitarajii: kahawa. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi ina mafuta yake yaitwayo kafestoli, ambayo yanapandisha LDL. Kahawa chungu ya vijiweni Kariakoo hupikwa hivyo hivyo. Kikombe kimoja au viwili na kashata si tatizo, vikombe ni vidogo. Anayekaa kijiweni kutwa akijaziwa kila mjadala wa Simba na Yanga unapopamba moto, huyo ana cha kupunguza.

Soda, chai ya sukari nyingi, mlima wa ugali wa sembe na pombe huathiri zaidi trigliseridi, mafuta mengine yanayopimwa pamoja na kolesteroli. Dona na ugali wa kiasi vinasaidia. Sigara inashusha HDL na kuharibu kuta za mishipa; kuacha ni faida hata kama LDL haikusogea.

Mazoezi yanasifiwa kupita kiasi kwenye suala hili moja. Dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki hushusha trigliseridi, huinua HDL kidogo, hupunguza uzito na presha, na moyo unanufaika kweli. Lakini LDL yenyewe inashuka kidogo tu. Zile klabu za jogging za Jumamosi alfajiri ni nzuri, nazisifu, ila wapo wanaomalizia mbio kwa supu na chapati mbili za mafuta, halafu wanashangaa majibu hayabadiliki.

Utegemee nini? Mabadiliko ya chakula huanza kuonekana kwenye damu ndani ya wiki chache, na kupima tena baada ya miezi 3 hivi kunatosha. Aliyebadilisha mafuta, akala kunde kila siku na kupunguza uzito anaweza kushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. LDL ya 4.0 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mmol/L) ikishuka kwa asilimia 15 inakuwa 3.4. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni chini ya 3.0, kwa hiyo amekaribia. Aliyewahi kupata shambulio la moyo huambiwa ashuke hadi chini ya 1.4 au 1.8, na huko kunde peke yake hazimfikishi. Atahitaji statini, dawa ambazo chanzo chake ni ukungu uliochunguzwa na Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Zinazuia ini kutengeneza kolesteroli, nalo linaongeza vipokezi ili livute ya kwenye damu. Ni njia ile ile ya chakula, kwa nguvu zaidi. Anayezitumia asiziache kwa sababu ameanza kula bamia. Azungumze na daktari wake.

Kuna na wale ambao ini lao lilizaliwa na vipokezi pungufu. Ni kama mtu mmoja katika kila 300, wembamba wakiwemo. LDL ikizidi 4.9, au ndugu akapata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, daktari atataka kuwapima pia watoto na ndugu wa damu, na anaweza kuwapeleka kwa wataalamu wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.