Samaki simba si lazima ale samaki hai

Wafugaji wengi wanaamini kwamba samaki simba, yule mwenye mistari myekundu na miiba mirefu, hali kitu kisichotapatapa. Basi humnunulia samaki wadogo wa dhahabu. Imani hiyo ina chanzo: baharini yeye ni mwindaji, na akiwa mgeni kwenye tangi mara nyingi hupuuza chakula kilichokufa.

Lakini anafundishika. Chukua kipande cha kamba mbichi, asiyetiwa chumvi wala viungo, kichomeke kwenye kijiti kirefu, kisha kitikise polepole mbele yake. Atatanua mapezi, atasogea taratibu, na kufumba na kufumbua kipande hakipo. Akikataa, kitoe kisioze majini, ujaribu tena kesho. Vidole viwe mbali. Miiba yake ina sumu.

Samaki wa dhahabu, ambaye ni wa maji yasiyo na chumvi, ana thiaminasi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Akiwa ndiye mlo wa kila mara, humdhoofisha samaki simba. Baadhi ya kamba nao wanacho, kwa hiyo changanya na minofu ya samaki wa baharini.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji amlishe chakula kilichokufa mbele ya macho yako.